Kiraka kimeingia, kazi ikapona siku 11, kisha kosa likarudi: wataalamu wa kompyuta kuu njooni

#1 BabaBechi
Wakuu, habari za usiku. Niko zamu hapa Johannesburg, chai ya tatu hii, na kuna jambo limenishinda.

Kwa wasioijua kazi hii: mimi ni mtu wa mifumo kwenye z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM. Naingiza viraka vya programu na kuhakikisha havivunji kilichokuwa kizima. Tuna kazi ya bechi inayopanga miamala usiku kabla ya kufunga hesabu. Ikaanza kudondoka kwa S0C4, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyo yake, ndani ya moduli ya bidhaa tuliyonunua, siyo programu yetu. Nikafungua kesi kwa mtengenezaji. Jibu: kosa linajulikana, lina APAR (ripoti rasmi ya kosa), na PTF, yaani kiraka cha kulitibu, ipo. Nikafuata taratibu za SMP/E, programu ya kuingiza viraka: RECEIVE (kupokea), APPLY CHECK (kujaribu), kisha APPLY (kuingiza). Ikatoka na msimbo 0, yaani bila kosa. Maelezo ya HOLD, tahadhari zinazokuja na kiraka, yalisema hakuna haja ya IPL, kwa hiyo nikaipandisha moduli mpya kwa amri ya SETPROG LPA,ADD, inayoiweka kwenye LPA, eneo la kumbukumbu la moduli zinazotumiwa na kazi zote. Usiku huo kazi ikapita. Ikapita siku 11 mfululizo, nikasifiwa hadi kikaoni.

Alhamisi saa 8 usiku imedondoka tena. S0C4 ileile, moduli ileile, palepale kwenye X'1A4' kutoka mwanzo wa moduli. Nikiiuliza SMP/E inaniambia PTF imo. Sijaitoa, na hakuna aliyeitoa.

Kiraka kinachakaaje? Nawasilisha.

#2 Kisiki cha Mpingo
Uzi bila picha. Haya, naweka kigoda, ngoja waje.

#3 Dada wa Minnesota
Kati ya siku ya 11 na Alhamisi, mlifanya IPL?

#4 Chalii wa Moro
Samahani wakuu, IPL ninayoijua mimi ni ya kriketi ya Wahindi.

#5 Kisiki cha Mpingo
#4 Hii nayo ni kriketi, mpira mmoja unachukua siku tatu. IPL ni kuuwasha mfumo upya, mdogo wangu. Kwenye simu unabonyeza kitufe ukiwa umelala. Kule unaandika barua, inapita kamati ya mabadiliko, na wakubwa wanne wanasaini.

#6 BabaBechi
#3 Ndiyo, Jumatano jioni. Watu wa vifaa walikuwa na marekebisho yao. Nilichoweka kwa SETPROG kinakaa kwenye kumbukumbu tu, IPL ikifanyika kinaondoka, hilo nalijua. Ila APPLY ilishaandika moduli mpya kwenye maktaba ya diski. Mfumo ulipowaka ulitakiwa kuisoma mpya. Ndipo akili yangu ilipogota.

#7 Dada wa Minnesota
Basi twende polepole, maana mtego huu umeninasa mimi mwenyewe.

SMP/E ni daftari la stoo, siyo stoo. Ukiiuliza kama PTF imo, inafungua daftari lake, ile CSI, inasoma ukurasa wa ukanda lengwa unaoitwa target zone, na kukujibu kilichoandikwa. Haiendi kuchungulia mfumo unaokimbia sasa hivi. Daftari linahusu nakala moja ya diski. Kama kwenu ni kama kwetu, mna diski mbili za mfumo au zaidi: moja inatumika, nyingine mnaiandaa kwa matengenezo yajayo, mnapokezana. Kiraka kinaingia kwenye A. Mwendeshaji wa zamu Jumatano anafanya IPL kwa anwani iliyoandikwa kwenye karatasi ya ukutani, na karatasi inasema B. Mfumo unawaka vizuri, kila mtu anafurahi, ila umerudi nyuma miezi miwili.

Andika D IPLINFO utuletee mstari wa chini kabisa, ule unaotaja VOLUME. Kama siyo diski uliyoingizia kiraka, tumemaliza.

#8 Mzee Kaditundu
Hamjambo wanangu. Dada wa #7 amesema vema, lakini amekimbilia mbali, mchawi anaweza kuwa karibu zaidi. Diski inaweza kuwa sahihi kabisa, na bado mkasoma moduli ya zamani.

LPA haisomwi upya kutoka maktaba kila IPL. Inasomwa upya pale tu IPL inapokuwa na CLPA, agizo la kuijenga LPA upya. Bila hiyo, mfumo unachukua picha ya LPA iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye faili ya kurasa na kuendelea nayo, ili uwake haraka. Sasa mfuatilie huyu kijana. Aliipandisha moduli mpya kwa SETPROG, ikakaa juu ya ile ya zamani na kuifunika. Siku 11 za neema. IPL ikafanyika bila CLPA: kifuniko kimeondoka, ya zamani ikabaki wazi. Palepale X'1A4'.

Nimeona hili mara mbili maishani. Mara ya pili mwenye kosa nilikuwa mimi.

#9 Jirani wa Mkomani
Shikamoo mzee. Siku hizi karibu kila mahali CLPA imeandikwa kabisa ndani ya IEASYSxx, orodha ya mipangilio ya kuwaka, hakuna anayekumbuka kuiweka au kuiondoa kwa mkono. Sisemi haiwezekani, nasema ni nadra.

#10 Mzee Kaditundu
Marahaba. Nadra siyo kamwe. Nani aliyeigusa IEASYS kwenu mara ya mwisho, na kwa nini? Watu wa vifaa walipotaka mfumo uwake haraka Jumatano, je, hakuna mwenye haraka aliyeiondoa?

#11 Kipara wa Tanga
Mnapanda mlima wakati njia iko bondeni. Angalia STEPLIB ya hiyo kazi, yaani maktaba ambazo kazi inajitajia yenyewe.

Moduli inatafutwa kwa mpangilio: kwanza ndani ya kazi yenyewe, kisha STEPLIB au JOBLIB, ndipo LPA, mwisho LNKLST, orodha ya maktaba za mfumo. Ukiwa na nakala ya mwaka juzi kwenye maktaba ya STEPLIB, unaweza kuweka viraka kwenye LPA hadi Yesu arudi, kazi yako haitaviona.

#12 Jirani wa Mkomani
#11 Kaka, kama STEPLIB ingekuwa na nakala ya zamani, ilipona vipi siku 11?

#13 Kipara wa Tanga
Aliyeiweka aliiweka Jumatano. Angalia STEPLIB.

#14 Mkalimani400
Wadau, sisi tulio Dar tuna AS/400, kompyuta ya IBM iliyo ndogo kuliko hizo zenu, na mambo haya tunayajua sana. Kiraka cha kwetu kinaitwa PTF vilevile. Unaandika GO PTF unapata menyu, DSPPTF inakuonyesha kilichoingia. Unaweza kukiweka kwa muda au kwa kudumu. Cha muda kikileta ukorofi unakitoa, cha kudumu umekioa. Vingine vinawaka papo hapo, vingine vinasubiri mashine izimwe na kuwashwa. Mara nyingi tatizo ni hilo tu: mtu ameona PTF imeingia, hajasoma kwamba inasubiri kuwashwa. Namba ikianza na MF ni ya tabaka la ndani ya mashine, ikianza na SI ni ya programu. Mpaka leo wapo wanaoyachanganya.

#15 Kisiki cha Mpingo
AS/400 imekuwa kompyuta kuu lini? Hiyo ni friji ya 1988.

#16 Mkalimani400
Friji iliyokulipa mshahara mwezi uliopita. Heshima, kaka.

#17 Dada wa Minnesota
Tusitoke nje ya mada, ila alichosema #14 kuhusu kuoa kinatuhusu. Kwetu APPLY ni uchumba. ACCEPT ndiyo ndoa: kiraka kinaandikwa kwenye maktaba za asili, na RESTORE, amri ya kutoa kiraka, haikitoi tena. Ndiyo maana wengi wetu tunaacha viraka kwenye APPLY miezi mingi bila ACCEPT, kwa woga tu. BabaBechi, uliifanyia ACCEPT?

#18 BabaBechi
#17 Hapana, bado wachumba.

#19 Fundi Zege
Nimechelewa. Kuna jambo hamjaligusa: mkono wa mtu.

Muulize aliyekaa kiti hicho kabla yako. Zamani kosa likitokea usiku na PTF haipo, unachukua AMASPZAP, programu ya kubadilisha baiti kwa mkono (zap), unaandika VER kuhakikisha baiti unazozikuta ndizo unazozitarajia, kisha REP kuzibadilisha. Dakika tano, kazi inapita. SMP/E haijui kitu, maana hukupita mlangoni kwake. Ukiifanya kistaarabu kama USERMOD, badiliko lako ulilolisajili SMP/E, inakumbuka: PTF ikija kugusa sehemu ileile inakataa hadi umalize ugomvi huo, au ulazimishe kwa BYPASS(ID). Ukiifanya kienyeji, ni siri yako na Mungu.

Sasa tuseme mtu mwingine Jumatano aliona maktaba "ina hitilafu" akarudisha nakala ya akiba ya moduli hiyo moja. SMP/E bado itaapa kwamba PTF imo. Endesha AMBLIST LISTIDR juu ya moduli yenyewe, siyo juu ya daftari. Humo ndani kila sehemu ina alama ya kiraka kilichoigusa mwisho, hata zap za kienyeji zinaacha unyayo. Hapo hakuna wa kukudanganya.

#20 Nuru ya Nyamagana
Na hicho kiraka chenyewe kikiwa kibovu je? Mtengenezaji hutoa PTF leo, wiki mbili baadaye akagundua imevunja kitu, akaitia alama ya PE, kiraka chenye kosa. Wewe ulishaiingiza na hakuna anayekupigia simu. Leta HOLDDATA, orodha ya viraka vyenye tahadhari, ya leo, siyo ya siku ulipoingiza, kisha endesha REPORT ERRSYSMODS. Itakutajia kila ulichonacho ambacho kimeshalaaniwa. Sisi tunaiendesha kila Jumatatu asubuhi, na Jumatatu nyingi inatoka na majina.

Nyongeza tu: wengi wanasubiri kosa liwaume ndipo walete kiraka. Sisi tunachukua furushi la viraka la RSU kila robo mwaka, lile lililopitia majaribio ya pamoja ya IBM yaitwayo CST, na katikati tunaongeza za HIPER, yaani za makosa mazito, na za usalama. Za usalama zina karaha yake, hawakuambii kosa lenyewe ni nini. Unapewa namba unaingiza kwa imani, maana wakieleza wazi wamemwelekeza mwizi mlango.

#21 Kisiki cha Mpingo
Hapa ndipo ninapotofautiana nanyi wote. Kinachofanya kazi msikiguse. Benki ya RBS Uingereza ililala chali 2014 kwa sababu ya kiraka cha IBM, wateja hawakuona mishahara wiki nzima. Wangekaa kimya isingetokea.

#22 Nuru ya Nyamagana
#21 Mkuu, umekosea mara tatu kwenye sentensi moja, umejitahidi.

Ilikuwa Juni 2012. Mwaka 2014 ni wa faini: Novemba wasimamizi wawili wa Uingereza waliwatoza pauni milioni 56 kwa jumla, 42 kwa FCA na 14 kwa PRA. Wala haikuwa kiraka cha z/OS. Waliboresha programu ya kuratibu kazi za bechi za usiku, ile inayosema kazi hii ianze baada ya ile. Wakaona matatizo, wakaamua kurudi toleo la nyuma bila kujaribu kwanza kurudi huko kungeleta nini. Toleo jipya na la zamani hayakuelewana, foleni ya bechi ikavurugika. Wateja zaidi ya milioni 6.5 waliguswa. Na wiki nzima ni ndogo: Ulster Bank, ndugu yao wa Ireland, walihangaika hadi Julai.

Ukiisoma vizuri, kilichowaua zaidi ni KURUDI nyuma. Kwa hiyo mfano wako unakupinga mwenyewe.

#23 Kisiki cha Mpingo
Tarehe nimekubali. Mfano nauacha palepale: wasingeboresha wasingerudi.

#24 Fundi Zege
#23 Na wasingefungua benki wasingepata wateja.

#25 BabaBechi
Asanteni wote. Majibu kwa mkupuo:

#7: D IPLINFO inaonyesha diski A. Ndiyo niliyoingizia kiraka. Samahani dada, nilitamani uwe umepatia, ningelala.

#8 na #10: IEASYS yetu ina CLPA. Lakini mzee, umenitia wasiwasi. Kuna orodha ya pili ya IEASYS iliyotumika Jumatano peke yake, ya "dharura". Nimeisoma, haitaji CLPA wala haiifuti. Bado natafuta kwenye logi za kuwaka.

#19: AMBLIST nimeendesha. Moduli kwenye diski A ina alama ya PTF yangu. Zap ya kienyeji hakuna.

#20: Haijatiwa PE. Imeng'aa kama meno ya mtoto.

#26 Daktari wa Dampo
Sasa nisikilizeni mimi niliyekaa kimya. S0C4 ni homa, siyo malaria. Wote mmekimbilia kwamba kiraka kimeondoka kwa sababu homa imerudi. Mgonjwa anaweza kupona malaria, wiki mbili baadaye akaugua mafua, joto likawa lilelile.

Ulisema kazi inapanga miamala. Alhamisi ilikuwa tarehe ngapi? Kama ilikuwa mwisho wa mwezi, rekodi zilikuwa nyingi kuliko siku zile 11. Inawezekana kiraka kiliziba njia moja ya kufika kwenye hilo tobo, na data ya mwisho wa mwezi imefika kwa njia nyingine. APAR ya pili, PTF ya pili. Hifadhi dampo, ile picha ya kumbukumbu kazi inapodondoka, ya Alhamisi na ya kwanza kabisa, linganisha rejista, siyo jina la moduli tu.

#27 Dada wa Minnesota
#26 Ningekubali kama mahali pangekuwa tofauti. Lakini ni X'1A4' zote mbili. Kiraka kikibadilisha moduli, kodi, yaani maagizo ya programu, inasogea. Kupatana hadi baiti maana yake inayokimbia ni kodi ya zamani.

#28 Daktari wa Dampo
#27 Hapana, dada yangu. Moduli moja ina sehemu nyingi ndani yake. Kiraka kinaweza kugusa sehemu ya tano, hii ya kwanza ikabaki ilivyokuwa tangu kuzaliwa. X'1A4' iko karibu na mlango wa kuingilia, baiti 420 tu kutoka mwanzo. Hapo inawezekana anasoma tu anwani mbovu aliyopewa na mwingine.

#29 Dada wa Minnesota
Naam, hapo umenishika. BabaBechi, hiyo ripoti ya AMBLIST, alama ya PTF ilikuwa kwenye sehemu ipi?

#30 Chalii wa Moro
Wakuu naomba kuingilia. Mimi nipo mwaka wa pili chuo, nina Hercules, programu inayoiga kompyuta kuu, kwenye laptopu, inakimbiza MVS 3.8j, babu wa z/OS, ile furushi ya TK4-. Ninafuata mnachosema kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Humo nimekuta SMP ya zamani, siyo SMP/E. Je, nikiijua hii itanisaidia kazini au napoteza muda?

#31 Mzee Kaditundu
Mwanangu wa Moro, hupotezi muda. RECEIVE, APPLY, ACCEPT utazikuta humo kwenye SMP4 zikiwa na sura ileile. Nyumba imepanuliwa, msingi haukuhamishwa.

Nikueleze ilivyokuwa. Miaka ya 1970 niko Nairobi, kijana kama wewe. Viraka vinakuja kwenye tepu, na vingine tunavichapa wenyewe kwenye kadi zenye matundu, herufi moja ikikosewa unatupa kadi. Kabla ya SMP, kumbukumbu ya nini kimeingia ilikuwa daftari la kaunta, nalo kila mtu aliliandika kwa mwandiko wake na lugha yake. Mtu akihama kazi anahama na ujuzi. Kwa hiyo mkiwasikia wenzangu wakilalamika SMP/E ni ngumu, waambieni waje wasome daftari langu.

Enzi hizo tulikuwa tunawacheka ndugu zetu wa Dar, maana 1974 serikali yao ilipiga marufuku kuingiza kompyuta.

#32 Mkalimani400
#31 Ndiyo maana hatukuwa na makosa ya programu, mzee. Nchi tulivu.

#33 Dada wa Minnesota
#30 Mdogo wangu, ongeza na Z Xplore, mafunzo ya mtandaoni ya IBM, ni bure na unaingia kwenye z/OS ya kweli. MVS 3.8j itakufundisha adabu, ila haina mambo mengi ya sasa, LPA ya kuongeza mfumo ukiwa hai kama aliyotumia BabaBechi hutaikuta. Na usidanganywe na mtu mtandaoni akupe z/OS ya wizi uiweke kwenye Hercules. Leseni hairuhusu.

#34 Nuru ya Nyamagana
Kuna jambo linanichekesha tangu nianze kazi hii. P ya PTF ni programu, F ni marekebisho, na T katikati ni ya MUDA. Marekebisho ya muda. Nina moja kwenye mfumo ina umri mkubwa kuliko mwanangu aliye kidato cha nne.

#35 Fundi Zege
#34 Ya muda kama ushuru wa daraja.

#36 Kipara wa Tanga
Mmeangalia STEPLIB?

#37 BabaBechi
#29 Alama iko kwenye sehemu ya tatu na ya tano. Ya kwanza, yenye X'1A4', haikuguswa. Kwa hiyo Daktari wa Dampo hajafutika, na Dada hajathibitika. Alhamisi haikuwa mwisho wa mwezi, ilikuwa tarehe 12, ila ilikuwa siku ya malipo ya wastaafu. Rekodi zilikuwa nyingi.

#10 Mzee, logi ya kuwaka imepatikana. Haisemi neno wazi, lakini mfumo uliwaka kwa dakika chache kuliko kawaida.

#38 Mzee Kaditundu
Ahaa.

#39 Jirani wa Mkomani
#38 Mzee, kuwaka haraka siyo ushahidi. Watu wa vifaa walikuwa na marekebisho yao, huenda mashine sasa ni nyepesi zaidi.

#40 Mzee Kaditundu
Nimesema "ahaa" tu. Sijahukumu mtu.

#41 Nuru ya Nyamagana
BabaBechi, usibaki kukisia. Omba IPL nyingine Jumapili, CLPA iandikwe waziwazi, kila kitu kingine kibaki kilivyo. Ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua lililotibu. Na baada ya kuwaka andika D PROG,LPA,MODNAME= jina la moduli, uone imekaa wapi. Piga picha ya hiyo.

#42 Kisiki cha Mpingo
Picha hatimaye!

#43 BabaBechi
Kamati imekubali Jumapili saa 10 alfajiri. Nitarudi.

#44 BabaBechi
Nimerudi, samahani kwa kukawia. IPL ilifanyika, CLPA waziwazi. Moduli ipo LPA, nimelinganisha na ya diski, ni mpya. Kazi imepita usiku 9.

#45 Dada wa Minnesota
Hongera kwa mzee wetu.

#46 Daktari wa Dampo
Hongera ya nini? Siku 9 ni chache kuliko 11. Na malipo ya wastaafu bado.

#47 Mzee Kaditundu
Anasema kweli. Msinivishe taji kabla ya tarehe 12.

#48 BabaBechi
Wakuu. Tarehe 12, saa 8:41 usiku. Imedondoka. X'1A4'.

Ila kuna jipya. Safari hii imekimbilia P2. Hiyo ni LPAR ya pili (kipande cha mashine chenye mfumo wake) kwenye sisipleksi yetu, kundi la mifumo inayoshirikiana. JES2, mgawa kazi, inaweza kuipeleka kazi popote kulipo na nafasi, na usiku wa malipo P1, ile ya kwanza tuliyokuwa tukiijadili, ilijaa. P2 haijafanyiwa IPL tangu Machi, na SETPROG yangu ya kwanza niliiandika P1 peke yake. Kwa hiyo P2 haikuwahi kukiona kiraka hata siku moja.

#49 Dada wa Minnesota
Ya Rabi. #3 niliuliza kama mlifanya IPL. Sikuuliza ya mfumo upi. Basi ndiyo hiyo, na mwezi uliopita ilikuwa hivyohivyo, ilikimbilia P2.

#50 BabaBechi
Nilidhani hivyo pia, nikaruka kwa furaha. Nimefungua logi ya kazi ya mwezi uliopita. Ilidondokea P1.

#51 Daktari wa Dampo
Kwa hiyo P1 wenye CLPA ya shaka umeanguka siku ya wastaafu, na P2 usio na kiraka umeanguka siku ya wastaafu. Kinachofanana ni wastaafu.

#52 Fundi Zege
Au moduli ya zamani. P1 siku ile ilikuwa nayo kwa hesabu ya mzee, P2 inayo mpaka leo.

#53 Kipara wa Tanga
Naomba kwa heshima zote. STEPLIB.

#54 BabaBechi
#53 Haya kaka, umeshinda, nimeangalia sasa hivi.

STEPLIB ipo. Maktaba tatu zimepangwa. Ya kwanza ni yetu, ya tatu ni ya bidhaa. Ya katikati siitambui jina lake. Nimejaribu kuifungua nione ndani mna nini, RACF, mlinzi wa ruhusa za mfumo, imenirushia ICH408I. Sina ruhusa. Mimi, mtu wa mifumo.